Kilo 50 Zikae Wapi?

Mfuko wa saruji una kilo 50. Uwe dukani, uwe begani kwa kibarua, uwe nyuma ya pikipiki, mizani itakupa jibu lilelile. Pikipiki ndiyo isiyokubaliana na mizani. Ufunge mfuko huo kwenye keria, siku nyingine uulaze kwenye siti anapokaa abiria, siku ya tatu uupakate juu ya tangi: utakuwa umeendesha vyombo vitatu vyenye tabia tatu, ingawa injini ni ileile na mafuta yametoka pampu moja.

Dereva wa bodaboda hulijua jambo hili mikononi kabla hajalijua kichwani. Lakini nenda kijiwe chochote, Manzese au Kongowea, uulize pikipiki inabeba kiasi gani. Utajibiwa kwa kilo, kwa magunia au kwa vichwa. Trafiki naye huhesabu vichwa. Mshikaki wa watu watatu anauona toka mbali, ilhali gunia lililofungwa shubiri moja nyuma ya pale lilipopaswa kukaa linampita mbele ya macho. Kwa chombo cha magurudumu mawili, shubiri hiyo moja ni habari kubwa kuliko kilo 10 za ziada.

Hesabu yake ni ya wenzo, ile ya shule ya msingi. Tuchukue pikipiki ya biashara ya kawaida, Boxer au TVS ya aina zinazojaa vijiweni. Yenyewe ina kilo 120 hivi, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni takribani sentimita 130. Apande dereva wa kilo 70. Jumla ni kilo 190, na katika hizo tairi ya mbele hubeba kama 80, ya nyuma 110. Sasa keria imetokeza nyuma ya ekseli. Mfuko wa saruji uliofungwa hapo unakaa, tuseme, sentimita 25 nyuma yake. Ekseli ya nyuma inageuka egemeo, mzigo unaishusha nyuma huku ukiinyanyua mbele: 50 mara 25, gawanya kwa 130, unapata karibu kilo 10. Tairi ya mbele inabaki na 70. Ya nyuma inapokea 50 za mfuko pamoja na zile 10 ilizompokonya mwenzake, inafika 170.

Usogeze mfuko uleule hadi siti ya abiria, sentimita 20 mbele ya ekseli, na tairi ya mbele haipungukiwi tena bali inaongezewa karibu kilo 8. Uweke juu ya tangi, na magurudumu yatagawana mzigo karibu nusu kwa nusu.

Na mifuko miwili kwenye keria? Tairi ya nyuma inafika kilo 229 hivi. Tairi nyingi za nyuma za pikipiki hizi, za ukubwa wa 3.00-17, zimeandikwa 50P ubavuni. Hiyo 50 ni namba ya jedwali la kimataifa la uzito, na maana yake ni kilo 190, tena tairi ikiwa na upepo wa kutosha. Upande wa tairi hakuna mjadala zaidi ya huo.

Kilo 10 zilizoondoka mbele zinaonekana chache mpaka barabara ianze kupanda. Tairi ya mbele ina kazi mbili ambazo ya nyuma haiwezi kuisaidia sana: kukata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki. Zote mbili zinategemea uzito unaoikandamiza chini. Shika barabara ya Mombo kwenda Lushoto, au mlima wowote wenye mahali panapoinuka mita 15 kwa kila mita 100. Mwinuko peke yake unahamisha kilo 22 hivi kutoka mbele kwenda nyuma, na ukiongeza moto kwa gia ya kwanza unaweza kuhamisha nyingine kama hizo. Katika zile 70, zinabaki 26. Usukani unakuwa mwepesi kwa namna ambayo kila dereva wa milimani anaitambua, naye anajiinamisha mbele hadi kidevu kinakaribia spidomita. Kwa kufanya hivyo anarudisha kilo kadhaa mahali zilipotoroka. Hana haja ya kujua jina la wenzo, anauogopa tu.

Kwa nini magurudumu mawili hayaanguki ni swali lenye umri mkubwa. Mwaka 1899 Francis Whipple, akiwa Cambridge, aliandika milinganyo ya mwendo wa baiskeli ambayo bado inatumika. Mwaka 1971 mhandisi Mwingereza Robin Sharp aliigeukia pikipiki, akaingiza na tabia ya matairi katika hesabu, akaonyesha kwamba chombo hiki kina namna tatu za kupoteza utulivu. Moja ni kulala upande taratibu, ambako dereva hukurekebisha bila hata kufikiri. Nyingine ni usukani kutetemeka wenyewe, haraka haraka, mara 6 hadi 10 hivi kwa sekunde. Ya tatu ni kuyumba kwa chombo kizima, mkia ukivuta kushoto, kisha kulia, mara 2 hadi 4 kwa sekunde. Hiyo ya tatu ndiyo inayonenepeshwa na mzigo wa nyuma. Uzito uliotokeza nyuma ya ekseli, hasa ukiwa umepanda juu, huipunguzia pikipiki uwezo wa kujituliza, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo mayumbo yanavyochelewa kufa. Kwenye mteremko mrefu, mayumbo ambayo kwa kilomita 50 kwa saa yalikuwa yakiisha yenyewe yanaweza kwa 80 yasiishe kabisa.

Kuna jaribio moja ninalolipenda katika historia hii. Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, walichapisha katika jarida la Science habari za baiskeli ndogo isiyo na mpandaji. Waliiondolea vitu viwili ambavyo vitabu vilikuwa vikivitukuza: msaada wa magurudumu yanayozunguka, na ile hali ya tairi ya mbele kugusa chini nyuma ya mstari wa usukani. Baiskeli ikisukumwa iliendelea kujisimamia. Walichokuwa wamefanya ni kupanga uzito: sehemu ya usukani ilibebeshwa uzito mbele na chini, hivi kwamba baiskeli ikianza kuangukia upande, usukani unageukia upande huohuo na magurudumu yanarudi chini ya mzigo. Mpangilio wa kilo peke yake ulitosha kukisimamisha chombo. Kinyume chake ndicho kinachotokea kila siku barabarani, ambapo mpangilio wa kilo peke yake unatosha kukiangusha.

Adhabu ya umbali haiendi kwa mstari ulionyooka. Mzigo ukiwa mbali na kitovu cha uzito cha chombo, ugumu wa kukigeuza, kukilaza na kukiinua unaongezeka kwa mraba wa umbali: ukisogeza kilo 10 kutoka sentimita 30 hadi 60, ukaidi wake unakuwa mara nne. Wanafizikia huuita ukaidi huo inesha. Fungu la nondo lililobebwa mkingamo, au mabati ya mita 3 yaliyolazwa juu ya siti ncha zikitokeza huku na huku, linaweza kuwa jepesi kuliko mfuko wa saruji, lakini pikipiki ikishaanza kugeuka nalo haitaki kuacha, na ikiwa imenyooka haitaki kuanza.

Mzigo wa upande mmoja una hesabu yake. Ning'iniza dumu la maji la lita 20 sentimita 40 kutoka katikati, pikipiki na dereva wakiwa kilo 190. Kitovu cha uzito wa vyote kinasogea upande karibu sentimita 4. Ili kukirudisha juu ya mstari wa matairi, pikipiki lazima ilale upande wa pili nyuzi 3 hivi, muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka. Nyuzi 3 hazionekani kwa macho. Zinaonekana kwenye lami yenye mafuta na maji ya mvua ya kwanza, breki inaposhikwa na tairi tayari imekaa ubavu. Dumu la pili upande wa pili, hata likiwa na maji ya kumwaga, linalipa nauli yake.

Kuna imani moja ambayo mafundi, madereva na hata waandishi wa vijitabu vya usalama wanairudia: mzigo uwe chini kadiri inavyowezekana. Nusu yake ni kweli. Ukisimamisha fimbo ndefu kwenye kiganja utaiweza, ukijaribu penseli itakushinda, kwa sababu kitu kirefu huanguka polepole na kumpa mshikaji muda wa kusogeza mkono. Pikipiki inayotembea ni hivyohivyo: kitovu kikiwa juu kidogo, inaanguka taratibu zaidi, na dereva ana muda wa kuileta tairi chini yake. Taabu ya mzigo wa juu inaanza pikipiki inaposimama. Kilo 240 zenye kitovu sentimita 80 kutoka ardhini, zikiinama nyuzi 5 tu, zinamdai dereva nguvu ya kushikilia kilo 17 kwa mkono ulionyooshwa mita moja. Zikifika nyuzi 10, anadaiwa 33, na hana mkono wa namna hiyo. Ndiyo maana gunia la mkaa la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba cha vijiti na nyasi juu, linafika salama kutoka Kisarawe halafu linaanguka kwenye foleni ya taa, mguu mmoja wa dereva ukitafuta lami. Lumbesa ilibuniwa ili kumpunja mkulima kipimo. Anayelipa kwanza ni aliyeibeba.

Wanaotaka kuona mzigo wa chini kwa usafi wake waende Goma. Chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linalobeba viazi, mbao na mkaa kutoka milimani, halina injini wala siti. Lina ubao mmoja mrefu uliokaa kati ya magurudumu, chini karibu na ardhi. Mzigo haujatokeza nyuma ya gurudumu la nyuma, na mtu aliyesimama pembeni anaweza kulishikilia linapotua. Linabeba mamia ya kilo. Mafundi waliolichonga kwa panga na tezo walitatua tatizo la keria kwa kutoweka keria.

Tukishajua mzigo ukae wapi, inabaki kuufanya ubaki hapohapo, na hapa vijiwe vyetu vina utaalamu unaostahili heshima kuliko unayopewa. Ninazungumzia mpira wa tyubu, ule ukanda mweusi uliokatwa kutoka tyubu ya gari, ambao haukosekani kwenye keria yoyote kuanzia Mtwara hadi Kisumu.

Kamba ya katani ni imara kuliko mpira. Lakini kamba ya mita moja ukiikaza hunyooka kwa sentimita moja au mbili tu, na humo ndimo nguvu yake yote ya kushika ilimo. Gunia la mahindi likitikiswa kwenye mashimo kilomita chache, punje hujipanga upya, gunia linakaa, linapungua sentimita 2. Kamba imelegea yote. Mpira ule uliovutwa kutoka mita moja hadi mbili una sentimita 100 za mvuto mfukoni. Gunia likipungua 2, mpira unapoteza kama sehemu 2 kati ya 100 za nguvu zake na unaendelea kubana. Isitoshe, tyubu nyingi za magari ni za butili, mpira wa viwandani uliotengenezwa mwaka 1937 na wakemia wa kampuni ya mafuta ya New Jersey, Marekani. Unasifiwa kwa kutopitisha hewa, lakini una tabia ya pili ambayo dereva wa bodaboda ndiye anayeifaidi: ukivutwa haurudishi nguvu yote uliyoupa, sehemu yake inageuka joto. Mzigo uliofungwa kwa butili haurukiruki muda mrefu baada ya tuta. Unaruka mara moja, unatulia.

Halafu tazama namna unavyofungwa. Mtu anauzungusha mpira kwenye bomba la keria mara mbili, mara tatu, kisha anachomeka ncha chini ya mzunguko wa mwisho. Hakuna fundo. Mgeni huona uzembe. Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi wa karne ya 18, angeona mlinganyo wake: kila mzunguko kwenye bomba unazidisha nguvu ya kushika, haujumlishi. Msuguano ukiwa 0.3 tu, mzunguko mmoja unaifanya nguvu ndogo ya ncha ishikilie mvuto mara 6 na nusu yake. Miwili, mara 43. Mitatu, zaidi ya mara 280. Ncha iliyobanwa kwa nguvu ya vidole inaweza kuzuia gunia. Mabaharia wa majahazi wanaijua siri hiyo tangu zamani wanapozungusha kamba kwenye nguzo ya gati.

Mpira una kasoro zake. Kwa kuwa unakubali kuvutwa, unauruhusu mzigo mzito usogee pembeni kwenye kona, kwa hiyo kitu kigumu na kizito kama mtungi wa gesi kinataka kamba ya kukizuia na mpira wa kuikaza kamba, vyote viwili. Jua na mafuta ya injini huula, na dalili ya mpira uliozeeka ni nyufa ndogo zinazofunguka ukiukunja. Zile kamba za dukani zenye ndoano za chuma kila ncha mimi sizipendi hata kidogo: ndoano ikichomoka wakati mtu anaivuta kuelekea kwake, inarudi kwenye usawa wa jicho.

Vimiminika ni mzigo wa kabila jingine. Dumu lililojaa hadi shingoni ni kitu kigumu. Dumu la nusu ni kitu kinachotembea. Maziwa au mafuta ya kula yaliyo nusu ndani ya chombo chenye upana wa sentimita 25 hadi 30 husukasuka kutoka ukuta hadi ukuta mara moja na nusu hadi mara mbili kwa sekunde, upende usipende. Kipimo hicho kinaamuliwa na upana wa chombo na mvuto wa dunia. Sasa kumbuka pikipiki yenyewe inapenda kuyumba mara 2 hadi 4 kwa sekunde, na shokapu za nyuma zinadunda kwa kasi inayokaribiana na hiyo. Vikikutana, kila msukosuko wa maziwa unakuja kuusukuma msukosuko wa chombo wakati uleule unapotaka kusukumwa. Wanawake wanaoteka maji mtoni huweka tawi lenye majani juu ya ndoo; majani yanavunja wimbi kabla halijakua. Kwa pikipiki dawa ni kujaza madumu machache yakafurika kuliko kugawanya kioevu katika mengi yenye nafasi, na lile moja litakalobaki nusu likae mbele, karibu na dereva.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba mzigo mwepesi unaweza kuwa mbaya kuliko wote. Godoro la sponji lina kilo chache. Lisimamishe nyuma ya dereva likitoa kama mita moja ya mraba kwa upepo, uende kilomita 60 kwa saa, na hewa italisukuma nyuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 19. Kwa kilomita 30 nguvu hiyo inashuka hadi robo. Na huo ni upepo wa kutoka mbele tu. Basi la mikoani linapokupita, ukuta wa hewa unalipiga godoro ubavuni, kisha sekunde moja baadaye hewa inavuta upande wa pili. Fungu la madumu matupu linapigwa vivyo hivyo. Masanduku ya vyakula ya wasambazaji wa Nairobi na Dar es Salaam yana sehemu ya tatizo hili: mapana, ya juu, na yamekaa nyuma kabisa. Pizza haina uzito wa kutisha, ila sanduku linalokutana na upepo wa Daraja la Tanzanite halijali kama lina pizza au halina.

Abiria ni mzigo unaofikiri, na hapo ndipo ugumu ulipo. Pikipiki inalala kuingia kona, yeye anajinyoosha kwa hofu, na kitovu cha uzito kinarudi nje ya kona ambako dereva hakukitaka. Aliyekaa upande, miguu yote ikining'inia mkono mmoja, anamlazimisha dereva kusahihisha safari nzima. Nguo zake nazo zina historia. Kanuni za magari za India za mwaka 1989 zinataka pikipiki iwe na kinga inayofunika si chini ya nusu ya gurudumu la nyuma, ili vazi la abiria lisinaswe. Aliyefikiriwa ni mwanamke aliyevaa sari. Hiyo ndiyo asili ya vyuma vya pembeni kwenye pikipiki za Kihindi zinazoletwa kwetu. Huku vinaokoa baibui, dera na ncha za kanga. Kuna wanaoving'oa ili kupata nafasi ya kuning'iniza madumu, na mimi nawahesabu wameuza kitu cha thamani kwa bei ya lita 20.

Na begi la mgongoni? Wapenda safari ndefu huliona kosa kubwa, vijana wa chuo hawana jingine. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya, waliobeba kwa kichwa au kwa mkanda wa paji la uso, wakionyesha kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi yao ya nishati walipotembea. Ustadi huo unatokana na mwendo wa miguu. Aliyekaa kwenye siti hatembei. Mgongo wake unapokea kila tuta kutoka chini na begi kutoka juu, na uti wa mgongo wa mtu aliyekaa unaumizwa zaidi na mitikisiko ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde, ambayo barabara ya makorongo inaitoa bila choyo. Hata hivyo nyama za mwili ni shokapu nzuri kuliko zile za pikipiki. Kompyuta mpakato na kamera zitafika zikiwa nzima mgongoni kuliko kwenye keria. Spana, kufuli na mnyororo wa chuma visikae humo kamwe, kwa sababu ukianguka chali utavilalia. Trei za mayai nimeona zikisafiri vizuri mapajani mwa abiria, akizituliza kwa mikono, na sijui sanduku lolote la dukani linalomshinda.

Jambo moja dereva mwenyewe hawezi kuliona. Nyuma ikididimia sentimita 4 kwa mzigo, taa ya mbele inanyanyuka kwa karibu nyuzi 2. Mita 30 mbele, mwanga uliokuwa ukiangaza lami sasa umepanda sentimita 90 na kumwingia machoni anayekuja. Yeye anakuwashia taa kubwa kwa hasira, wewe unamrudishia. Shokapu nyingi za nyuma zina ngazi za kukazia springi, zinazogeuzwa kwa spana ya ndoano kwa dakika mbili, na ni nadra kuona zikiguswa tangu pikipiki ilipotoka dukani.

Kuna mizigo ambayo hakuna mpangilio utakaoisaidia: jokofu, kabati, mbuzi wawili wasioelewana. Hiyo ni ya guta. Gurudumu la tatu linagharimu zaidi kwa safari, lakini halidai kusawazishwa.

Safari ya kurudi tupu ndiyo isiyozungumzwa. Kutwa nzima mguu wa kulia umekuwa ukizoea breki ya nyuma yenye kilo 50 juu yake. Kwa breki kali yenye mzigo, tairi ya nyuma bado ina kilo 96 hivi za kuikandamiza baada ya uzito kuhamia mbele. Bila mzigo zinabaki 59. Mguu uleule, kwa nguvu ileile, unalifunga gurudumu na mkia unateleza, mara nyingi kilomita ya kwanza baada ya kushusha. Shokapu kama zilikazwa sasa ni ngumu mno, na tairi iliyojazwa upepo wa mzigo inadundadunda kwenye changarawe. Na ile mipira ya tyubu, iliyoachwa ikining'inia kwenye keria tupu kwa sababu mteja wa pili yupo mtaa unaofuata, iko kiganja kimoja tu kutoka kwenye mnyororo na sproketi. Izungushe kwenye bomba mara tatu, uchomeke ncha, ndipo uwashe.